Kufufua Pikapu Kuukuu Nyumbani

(Maneno haya yalisemwa katika redio kwa madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili msomaji ayarudie polepole, peke yake au pamoja na wenzake.)

Kiongozi wa darasa, weka redio mahali ambapo walio nyuma watasikia, kisha andika ubaoni maneno manne: kadi, chesisi, injini, breki. Wenye daftari na waandike vile vile. Somo letu limo katika maneno hayo manne.

Kama mjuavyo, mtu akitoka Didia kwenda Tinde, kisha akashika njia ya Kahama, hakosi kuona magari yaliyolala uani. Moja limekuwa kiota cha kuku. Jingine watu wameanika dengu juu ya boneti yake. Kila gari lina mwenyewe, na kila mwenyewe husema, "Nitalitengeneza mwaka huu, tukishauza pamba." Pamba huuzwa, pesa huliwa, na kuku huendelea kutaga.

Nitawaeleza habari za gari moja tu, kwa kuwa hilo nalijua mpaka nati zake. Marehemu baba yangu alituachia pikapu ya Land Rover, ile ndefu inayoitwa 109. Lilikaa chini ya mkwaju miaka 11. Siku niliposema nataka kulifufua, mama hakunicheka wala hakunisifu. Alisema, "Mwanangu, nina ng'ombe wawili wa kuuza. Huyo wa tatu usimtazame, ni ada ya mdogo wako chuoni. Gari lisipotembea kwa ng'ombe wawili, lipimwe kilo liende kwa watu wa chuma chakavu." Basi hiyo ndiyo iliyokuwa bajeti yetu: ng'ombe wawili.

Tuanze na neno la kwanza, kadi. Kabla hujanunua hata plagi moja, tafuta kadi ya gari. Soma jina lililoandikwa humo. Kisha soma namba ya chesisi iliyo katika kadi, uilinganishe na namba iliyopigwa juu ya chuma chenyewe. Katika Land Rover za zamani utaikuta katika kibati ndani ya gari, na pia juu ya chesisi karibu na springi ya mbele. Paka mafuta ya taa, sugua kwa brashi ya waya, namba itatokea. Zikitofautiana hata tarakimu moja, simama hapo hapo, usitie pesa yako.

Na kama mwenye jina amekwisha kufariki, je? Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhani gari ni la mtoto aliyelitengeneza. Sivyo. Gari ni mali ya mirathi kama zilivyo ng'ombe na shamba. Sisi tuko watano kwetu, na baba yetu mdogo naye alikuwa na neno lake. Kama ningalitengeneza kimya kimya, siku ya kwanza linapobeba mzigo wa kulipwa ningaliulizwa, "Pesa za gari la marehemu zimekwenda wapi?" Kwa hiyo tuliketi kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, wote wakatia sahihi, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua mama kuwa msimamizi wa mirathi. Ndipo tulipokwenda Mamlaka ya Mapato kubadili jina. Jambo hilo lilichukua miezi mitatu, na katika miezi hiyo mitatu sikugusa spana. Baba mdogo alitia sahihi kwa dole gumba. Aliomba asomewe karatasi mara mbili kabla ya kubonyeza, na mimi nasema alifanya vema kabisa.

Neno la pili ni chesisi. Ndiyo mifupa ya gari. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati ambapo chuma cha pua kilikuwa adimu kwa sababu ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Ndiyo maana mabati mengi ya bodi yake ni ya alumini. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi ni chuma, tena ni chuma kilicho na uwazi ndani kama sanduku refu. Tope letu jeusi la mbugani huingia humo, hukaa na unyevu wake, na chuma huliwa kutoka ndani. Kwa hiyo gari laweza kung'aa juu kama sufuria mpya huku chini mifupa imeoza.

Utapimaje? Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Iweke juu ya bawa la gari: ikianguka, hiyo ni alumini. Iweke juu ya chesisi: itashika. Ikiwa mahali fulani pa chesisi haishiki, mtu amepaziba kwa kitu kisicho chuma, kisha akapaka rangi. Halafu chukua nyundo ndogo, gonga chesisi polepole toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito kama mtungi wenye ufa. Kila mahali pasipolia, chora alama kwa chaki. Gari letu lilikuwa na alama sita, na nne kati yake zilikuwa nyuma, pale springi zinapofungwa. Kama alama zingekuwa ishirini, ningalimwambia mama aite watu wa mizani.

Kuchomelea ni kazi ya fundi. Usijaribu mwenyewe kwa kuwa uliona mtu akifanya. Tena nina onyo moja ambalo nataka mlisikie vizuri, hata wale wanaosinzia. Tangi la petroli lililo tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mna mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka kama bomu. Tangi la gari letu lilikuwa linavuja. Kijana mmoja wa gereji bubu alitaka kulichomelea palepale, akisema, "Limekaa miaka kumi na moja, halina kitu." Nilimkataza. Tulinunua tangi lingine lililokwisha kutumika, na lile la zamani tukalitoboa kwa tindo na nyundo baada ya kulijaza maji mpaka mdomoni. Leo ni birika la kunyweshea kuku.

Kadhalika habari ya jaki. Jaki ni ya kuinulia gari tu, haikuwekwa ili ulishikilie gari wakati mtu amelala chini yake. Ukiisha kuinua, weka magogo mapana ya mti mgumu chini ya chesisi, pande zote mbili, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini. Usitumie matofali: tofali la kuchoma hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Kama litaanguka, na lianguke wakati huo.

Sasa injini. Watu wengi, wakifufua gari, jambo la kwanza ni kufunga betri mpya na kupiga stata. Hilo ni kosa. Injini iliyolala miaka mingi, pistoni zake zimeshikana na silinda kwa kutu nyembamba. Ukiilazimisha, ringi zitavunjika, na hapo ng'ombe wako wawili wameliwa na fisi. Chomoa plagi zote nne. Mimina oili kidogo katika kila tundu. Acha. Nenda shambani, rudi kesho, mimina tena. Land Rover za zamani zina tundu mbele la kutia hendeli, basi jaribu kuzungusha kwa mkono, taratibu. Yetu ilikataa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne, baada ya sala ya magharibi ya jirani yetu, ilisogea upana wa kidole. Mama alikuwa anachambua mchicha barazani. Alisikia nikipiga kelele akadhani ni nyoka.

Hapo mimi mwenye stashahada ya chuo kikuu nikafanya kosa la mtoto. Nilichomoa waya za plagi zote kwa pamoja ili nizisafishe, bila kuandika upi ulitoka wapi. Injini ile ina silinda nne, na moto wake hauendi moja, mbili, tatu, nne. Huenda 1, 3, 4, 2. Nilipozirudisha kwa kukisia, injini ilikohoa na kutema moto kwa juu kupitia kabureta, ikaniunguza nyusi. Shangazi yangu, ambaye wakati ule alikuwa ameanza darasa la kusoma kama ninyi, alikata vipande vya karatasi, akaandika 1, 2, 3, 4 kwa mkono wake, akavifunga kwa uzi, kipande kimoja katika kila waya. Tangu siku hiyo hatukufungua kitu chochote bila kukipa karatasi yake. Nati za mlango tulizitia katika kopo lililoandikwa MLANGO. Nati za giaboksi katika kopo lililoandikwa GIABOKSI. Mwanafunzi wa kisomo aweza kuifanya kazi hii, na fundi anayefanya kazi bila kuandika atakurudishia gari na nati tatu mkononi akisema zilizidi.

Kazi nyingine za injini nitazitaja kwa haraka. Mwaga petroli ya zamani yote, maana imekwisha kuwa gundi. Fungua kabureta, isafishe. Badili oili na filta yake. Ndani ya distribyuta mna vidomo viwili vinavyogusana na kuachana, visugue kwa msasa laini mpaka ving'ae. Toa mipira ya maji iliyokauka, funga mipya. Jambo moja zaidi nalo ni la siku hizi: injini hizo zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006 kwa sababu risasi ni sumu kwa watoto. Petroli ya leo ni salama zaidi kwetu, lakini vikalio vya valvu za zamani huliwa upesi kidogo, hasa gari likibebeshwa mzigo na kukimbizwa. Dawa yake si kubwa. Endesha polepole, na pima mara kwa mara ule upenyo wa valvu, ambao kwa injini yetu ya petroli ni milimita 0.25.

Spea tulizipata kwa kutembea. Usimtume mtu. Nyingine tulizipata Shinyanga mjini, nyingine Mwanza, katika magari yaliyokatwa. Bushi za springi zilitushinda kabisa, mpaka rafiki yangu mmoja aliponiambia nipeleke zile za zamani Geita. Huko kuna mafundi wa kukereza vyuma ambao kazi yao ya kila siku ni kutengeneza shafti za karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Alizipima kwa jicho na kwa kipimo, akakereza mpya nane nikingoja kivulini. Mtu anayeishi kati ya Shinyanga na Geita asiseme hakuna mafundi. Lakini kila mahali dai risiti yenye jina la muuzaji, kwa maana spea bila risiti huenda ikawa imeibiwa, na mwizi akikamatwa utaitwa pamoja naye.

Nimefika katika neno la nne, breki, na hapa nina jambo la kukiri mbele yenu.

Injini ilipowaka, mtaa mzima ulikuja. Watoto walipanda nyuma, wazee walinipa mkono. Kichwa kikanivimba. Zilikuwa zimebaki pesa kidogo za ng'ombe wa pili, nami nikanunua rangi ya kijani na kitambaa cha viti. Breki zilikuwa zinashika kwa kiasi, nikasema nitazitazama mwezi ujao. Jumapili moja nilimpandisha mama mbele, tukashika njia ya shambani kujaribu gari. Kulikuwa na mteremko mdogo kuelekea majaruba ya mpunga, na chini yake watoto wakivusha mbuzi. Nikakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka sakafuni kama mtu akanyagaye uji.

Gari letu, kama magari mengi ya umri wake, lina mfereji mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba likipasuka mahali pamoja, mafuta humwagika na breki zote hufa pamoja. Bomba la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu, nami nilikuwa nimelipaka rangi ya kijani. Nilipiga honi, haikulia. Nikashusha gia, nikavuta hendibreki, ambayo katika gari hili haishiki magurudumu bali hushika shafti inayotoka katika giaboksi. Gari likaruka kama punda, nikakata usukani, tukaingia jarubani mpaka ekseli. Watoto walikuwa salama. Mbuzi walikuwa salama. Mama alikaa kimya kwa muda, akatoa kanga yake iliyonaswa mlangoni, akasema, "Rangi ni nzuri." Hakusema neno jingine mpaka nyumbani.

Basi breki utazifanyaje? Toa ngoma zote nne. Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu laini za breki za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi baada ya miaka mingi, pamoja na saratani. Lilowanishe kwa maji, lipanguse kwa kitambaa, kitambaa ukizike. Viatu vya breki vilivyokwisha, badili pande zote mbili, kulia na kushoto, la sivyo gari litavutwa upande mmoja. Mabomba ya chuma yenye kutu yote yaende, usichague. Mipira midogo ya ndani ya silinda za breki ni ya bei nafuu, na ndiyo inayoshikilia roho yako, basi nunua mipya. Kisha tia mafuta ya breki yaliyo mapya, kutoka kopo lililofungwa, kwani mafuta haya hunyonya maji ya hewani yakiachwa wazi. Nimeona watu wakitia oili ya injini, na wengine maji ya sabuni. Oili huvimbisha mipira ile, na maji huchemka breki zikipata moto, na yanapochemka pedali huzama.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja akanyage pedali, mwingine awe penye gurudumu lililo mbali kuliko yote na pedali, na kimpira kimeingizwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Wa ndani akanyage ashikilie, wa nje afungue kinati, hewa itoke, afunge, kisha aseme, "Achia." Asiachie kabla ya kuambiwa. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na mtu wa tatu atazame mafuta juu yasikauke. Mama ndiye aliyekanyaga pedali. Alisema hamwachii mtu mwingine kazi hiyo.

Pesa za breki zilitoka wapi, mtauliza, maana ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha? Zilitoka katika mshahara wangu wa miezi miwili, na mama aliandika deni hilo upande wangu, si upande wa gari.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mtu ana shilingi 1,200,000. Hii ni hesabu ya kujifunzia, bei za kweli utaziuliza mwenyewe dukani. Nusu yake aitenge kwa breki, usukani na matairi: shilingi 600,000. Robo iwe ya injini na umeme: shilingi 300,000. Sehemu ya sita iwe ya kuchomelea chesisi: shilingi 200,000. Zimebaki ngapi? Kiongozi, wape nafasi wahesabu kwanza. Zimebaki shilingi 100,000. Hizo ni za lile usilolijua, nalo lipo. Rangi haina fungu hapa. Alumini yaweza kungoja miaka mitano bila rangi, haitakulaumu.

Wala sisemi kila gari lifufuliwe. Pikapu kama yetu hunywa lita moja kwa kilomita sita hivi. Safari ya kilomita 60, kwenda na kurudi, yataka lita 10. Mwenye gunia nne za mpunga kwa mwaka ni afadhali akodi, au yeye na jirani zake wanunue pikipiki ya magurudumu matatu. Wengine watakushauri utoe injini ya petroli ufunge ya dizeli kutoka gari jingine. Yawezekana, lakini utabadili vishikizo, shafti, mabomba na waya, na kwa fedha chache hutafika mwisho. Mimi nakataa shauri hilo. Gari letu hubeba mpunga wa nyumba saba wakati wa mavuno, kila nyumba hulipa petroli na kitu kidogo juu, na ng'ombe wawili wamekwisha kurudi zizini katika msimu wa tatu. Yule wa tatu hakuuzwa kabla ya siku yake, na mdogo wangu amemaliza chuo. Kabla ya kubeba mzigo wa kwanza tulilipeleka kukaguliwa na askari wa usalama barabarani, tukakata bima. Askari alikanyaga breki mara tatu, akauliza ni fundi gani. Nikamwonyesha mama.

Kazi ya nyumbani ni hii. Chora mistari katika daftari lako, upate vyumba vinne: tarehe, kitu, bei, nani amelipa. Asiye na gari aandike habari za baiskeli yake, au za plau. Jumamosi ijayo nitakuwa Didia na gari lenyewe, saa nane mchana, penye kivuli cha shule. Atakayepata sumaku aje nayo. Mabaka mawili ya chesisi sijayapaka rangi, nitataka mniambie ni yapi yaliyochomelewa na ni yapi ya zamani, kwa kugonga tu.